Vidonge Tisa kwa Siku

Oktoba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha nerandomilast, dawa ya ugonjwa wa mapafu kuota makovu bila chanzo kujulikana, ule ambao madaktari huuita kwa kifupi IPF. Miaka kumi na moja ilikuwa imepita tangu zipitishwe huko huko mbili za mwanzo, pirfenidone na nintedanib, zote kwa siku moja, tarehe 15 Oktoba 2014. Habari ile haijapoa, simu yangu ikaanza kulia. Watu wanaojua kwamba tulimuuguza Baba kwa ugonjwa huo walinitumia tangazo lilelile, na baadhi yao wana mgonjwa nyumbani hivi sasa. Wote waliuliza jambo moja: hii inaponya?

Haiponyi. Inapunguza kasi ya mapafu kuharibika kama wenzake wawili, ila inapita njia yake, ya kuzuia kimeng'enya kiitwacho PDE4B. Kuharisha ndiko kunakoongoza katika madhara yake. Niliwajibu hivyo kwa mistari michache, kisha kero ikanikaa. Kila nilichowaandikia kilikuwa kweli, na hakuna hata kimoja ambacho kingetufaa sisi mwaka 2016. Siku zile tulihitaji mtu wa kutuambia kwamba dawa ya namna hii ikishaingia ndani ya nyumba, inadai nini kwa watu wa nyumba hiyo.

Baba alikuwa fundi seremala, Tanga mjini. Miaka zaidi ya arobaini aliranda mninga na mvule ndani ya karakana ya mabati, vumbi likimwingia puani na masikioni, na barakoa ikiwa kitu cha madaktari. Sigara alivuta ujanani akaiacha mapema. Mwaka 2015 kikohozi kikavu kikamwanza, kile cha kukohoa mpaka machozi na kisitoke kitu. Baadaye akawa anasimama katikati ya kichochoro, anajifanya anasalimiana na mtu, kumbe anatafuta pumzi.

Kwenye kituo cha afya walimwomba makohozi. Hayakuwepo, alijikamua akatoa mate. Kipimo kilisema hakuna kifua kikuu, picha ya kifua ikasema kuna madoa, na mganga akaamua kuiamini picha. Baba akaanzishiwa dawa za TB. Siwezi kusema mganga yule alifanya uzembe. Katika nchi yetu mtu mzima akikohoa mwezi mzima na kukonda, ni TB mpaka ithibitike vingine, na anayesubiri uthibitisho huku ugonjwa unamla mgonjwa na kuambukiza nyumba nzima ndiye mzembe. Kwa hiyo miezi sita mkojo wa Baba ulikuwa rangi ya chungwa kwa sababu ya rifampicin, na shangazi akamtengea kikombe chake, akakitundika peke yake kwenye msumari.

Kipindi kile nilikipuuza wakati kikipita, ila sasa nakiona kwa jicho jingine. Dawa zile zilikuja na dola nzima nyuma yake. Zilitolewa bure. Kulikuwa na kadi ya kijani iliyoandikwa tarehe, muuguzi aliyepiga simu Baba alipochelewa, na mtu wa nyumbani, dada yangu, aliyepewa kazi rasmi ya kumwangalia akimeza. Hakuna aliyetuuliza kama tuna uwezo. Dawa haikumfaa Baba kwa sababu ugonjwa haukuwa huo, lakini mfumo wa kumfikishia dawa ulikuwa kamili. Baadaye tulipata dawa ya ugonjwa wenyewe, na nyuma yake hapakuwa na mtu yeyote ila sisi.

Miezi sita ilipokwisha na pumzi imezidi kupungua, daktari mwingine, wa kulipia, alimwandikia prednisolone. Nyumba ilijaa furaha. Baba alikula, mashavu yakajaa, akalala kwa saa tatu tu usiku na alfajiri akaonekana karakanani akipiga msasa meza ya mteja aliyekuwa ameshakata tamaa. Mama alimchinjia kuku. Kikohozi kilipungua pia. Baada ya wiki kadhaa miguu ikavimba, sukari ikapanda, na pumzi ikarudi palepale, kisha ikashuka chini zaidi.

Ndipo tukamleta Dar es Salaam kwa bingwa wa mapafu. Kabla ya kifua, daktari alimshika mkono akaangalia kucha. Zilikuwa zimebinuka na ncha za vidole zimevimba. Sisi tulikuwa tukiviona vidole vile miaka yote na kuviita vidole vya fundi. Kisha akamgeuza, akaweka kipimo chini kabisa mgongoni, akanipa na mimi nisikilize. Mwisho wa kila pumzi ya kuvuta ndani palisikika sauti ya kubandua ule mkanda wa kunata wa kiatu cha mtoto. Sijapata kuisahau, na nikisikia viatu vya wanangu vikivuliwa hadi leo nageuka.

Maswali aliyomuuliza Baba yalikuwa ya ajabu. Unafuga njiwa? Uliwahi kufuga? Jirani anafuga? Mto wa kulalia una manyoya? Unahifadhi nafaka ndani? Viungo vinakakamaa asubuhi? Kuna dawa ya moyo au ya mkojo uliyoitumia kwa muda mrefu?

“Daktari,” Baba akamwambia, “nimekuja kwa kifua au kwa njiwa?”

Bingwa akacheka, akaeleza. Makovu ya mapafu yana milango mingi. Kuna wanaoyapata kwa vumbi la manyoya na vinyesi vya ndege, na hao tiba yao inaanza kwa kuwaondoa ndege. Wengine huyapata kwa ugonjwa wa baridi yabisi, au kwa dawa kama amiodarone ya moyo na nitrofurantoin ya njia ya mkojo, au kwa vumbi la mawe, kama wachimbaji wengi wa tanzanite kule Mirerani. Mlango usipoonekana, na picha ya CT ikaonyesha vitundu vilivyopangana pembezoni na chini ya mapafu yote mawili, basi huo ndio IPF. Vumbi la mbao linatajwa miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari, lakini hakuna aliyeweza kusema ndilo lililomfanya Baba. Njiwa hakuwa nao. CT ilionyesha vile vitundu.

Kuhusu prednisolone alikuwa na maneno makali kidogo, si kwa daktari mwenzake, bali kwa fani yenyewe. Kwa miongo mingi dunia nzima iliutibu ugonjwa huu kwa dawa za jamii ya prednisone pamoja na azathioprine, kwa kudhani kwamba makovu yanaletwa na uvimbe, na uvimbe ukizimwa makovu yatakoma. Mwisho Wamarekani walifanya utafiti ulioitwa PANTHER, wakaongeza na N-acetylcysteine, na kundi moja likapewa vidonge vitupu. Mwaka 2011 sehemu ile ya utafiti ilisimamishwa kabla ya wakati wake. Waliopewa dawa walikuwa wanalazwa na kufa zaidi ya wale wa vidonge vitupu. Yale mashavu tuliyoyachinjia kuku yalikuwa kazi ya dawa ambayo kwenye ugonjwa huu sayansi ilikuwa imeshaikataa miaka mitano nyuma. Bingwa aliipunguza kidogo kidogo mpaka ikaisha, maana ukiikata ghafla nayo ni hatari nyingine.

Hapo nilijifunza kutoamini hali ya mgonjwa peke yake. Mzee amechangamka, mzee amelala vizuri, mzee amemaliza sahani: ni habari njema, na hazisemi lolote kuhusu kinachoendelea ndani ya kifua.

Dawa ya kwanza ya kweli ilitoka Muscat. Tuna ndugu huko, kama familia nyingi za pwani, na binamu yangu aliipata nintedanib akaituma na mtu. Kapsuli mbili kwa siku, asubuhi na jioni, za miligramu 150. Dawa hii ilianza kuchunguzwa kama dawa ya saratani kabla haijaelekezwa kwenye makovu ya mapafu, na wengi wanaoitumia huharisha. Katika tafiti zake kubwa walikuwa zaidi ya nusu. Kulisoma jambo hilo ni rahisi. Sisi tulilijua kwenye basi la Tanga kwenda Dar, tulipokuwa tunampeleka kliniki. Njia ile mabasi husimama Segera au Chalinze, na katikati dereva akiwa mwema husimama porini abiria wakachimba dawa. Mzee wa miaka sabini aliyevaa kanzu, asiyeweza kutembea hatua thelathini bila kutweta, hawezi kukimbilia kichakani. Safari iliyofuata alikataa kula tangu jana yake, akidhani tumbo tupu ni salama, na dawa ile juu ya tumbo tupu ikamfanya vibaya zaidi. Bingwa alimshusha hadi kapsuli za miligramu 100, akampa loperamide ya kubeba mfukoni, na kazi ikawa nyepesi. Muuguzi wa kliniki ile ndiye aliyetupa ushauri wa maana kuliko wote: kateni tiketi ya kiti cha mbele na mzungumze na kondakta kabla gari halijaondoka.

Bei ndiyo iliyotushinda. Binamu hakulalamika, lakini nilizijua hesabu zake. Bingwa akatuhamishia pirfenidone ya India.

Safari ya dawa hiyo inafaa kujulikana. Ilitengenezwa Marekani miaka ya 1970, ikazagaa huku na huko bila kupata kazi, mpaka Japani ilipoiidhinisha kwa IPF mwaka 2008. India ikafuata 2010, kampuni ya Cipla ikaiuza kwa jina la Pirfenex. Ulaya 2011. Marekani yenyewe iliikataa mwaka 2010 ikataka utafiti zaidi. Ukafanyika, ukaitwa ASCEND, ukawa na wagonjwa 555, na ndipo 2014 ikapita. Mwaka huo huo Roche iliinunua kampuni ya InterMune iliyokuwa na dawa hiyo kwa dola bilioni 8.3, na mgonjwa wa Marekani akawa anatajiwa bei ya zaidi ya dola 90,000 kwa mwaka. Kumbe wakati huo Mhindi alikuwa na miaka minne ya kuimeza kwa bei isiyokaribiana na hiyo hata kidogo. Sisi wa Tanga tulinufaika na tofauti hiyo. Dawa ya Baba ilikuja ndani ya mabegi ya watu: mgonjwa wa moyo aliyekwenda Chennai, mfanyabiashara wa vitenge aliyepita Mumbai, kijana wa jirani anayesoma huko. Kila aliyebeba alipewa nakala ya cheti cha daktari, na kila pakiti ilipofika kaka yangu alisoma tarehe ya mwisho na namba ya toleo kwa kioo cha kukuzia, kama mkaguzi wa forodha. Mara mbili mabegi yalichelewa na Baba akakaa bila dawa. Mwenye TB angepigiwa simu.

Vidonge vilikuwa vya miligramu 200. Wiki ya kwanza kimoja mara tatu, ya pili viwili mara tatu, halafu vitatu mara tatu. Tisa kwa siku, siku zote. Na kila vitatu vinataka chakula, chakula hasa. Chai na kipande cha mkate, kifungua kinywa cha Baba tangu nimjue, hakikutosha. Saa moja baadaye alikuwa ameinama uani anatapika nyongo. Mama ndiye aliyeutafuta utaratibu mpaka akaupata. Aliuleta uji mzito wa maziwa wenye karanga za kusaga, na yai la kuchemsha, au mihogo ya nazi iliyobaki jana. Baba ale nusu. Hapo ndipo vidonge vinatolewa kwenye kisahani, kimoja kimoja, si vyote vitatu kwa mkupuo. Kisha amalizie nusu iliyobaki.

“Kula kwanza,” Mama alikuwa akimwambia, “halafu uje unichukie.”

Hakuna karatasi ya dawa iliyoandika nusu kabla na nusu baada. Bingwa aliposikia alitikisa kichwa akaandika kwenye daftari lake, na nasikia sasa anawaambia wagonjwa wengine. Mama hakuwahi kupata habari hiyo, au alipata akaona ni kawaida tu.

Pirfenidone inaifanya ngozi ishindwe kustahimili jua. Kwa mtu wa Tanga agizo la kukwepa jua ni kama mzaha, na mara ya kwanza Baba alilichukulia hivyo. Akaungua shingo na mikono, ngozi ikawasha na kubabuka. Aliyetuokoa ni kijana wa mtaa wetu mwenye ualbino, aliyekuja kuchukua kabati la mama yake akaikuta shingo ya Baba katika hali ile. Alikaa naye mchana mzima akimfundisha: kofia ya pama pande zote, si kapelo, mikono mirefu ya kitambaa kilichofumwa kwa kubana, na ukikinyanyua juani usione mwanga upande wa pili, losheni ya kinga nusu saa kabla ya kutoka na urudie tena, usisahau masikio, shughuli za nje zote kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi. Alimtajia Kilisun, losheni inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Wanafunzi wa Baba wakaihamisha meza yake ya kazi kutoka uani ikawa ndani ya ukumbi, akawa anafundisha ameketi, penseli sikioni, akielekeza kwa kidole kuliko kwa sauti. Daktari alisema epuka jua, maneno mawili. Aliyejua jinsi ya kuliepuka alikuwa amelisomea tangu utotoni, na ujuzi wake haukuwa umeandikwa kwenye ukuta wa hospitali yoyote niliyoingia.

Kisha ikaja Ramadhani ya 2017.

Dawa mara tatu kwa siku na chakula haziendi pamoja na funga. Baba alijaribu ujanja wa kumeza wakati wa kufuturu na wakati wa daku, akaacha zile za mchana. Bingwa alikataa kwa simu. Baba akanuna. Alikuwa amefunga tangu utoto, na kila tuliyemwita amshawishi aliondoka na maneno yale yale: Mungu hamkalifishi mgonjwa, utalipa ukipona. Ukipona. Tulilitamka neno hilo sote bila kusitasita.

Akaamua kwenda mwenyewe kwa shekhe wake. Nilimsindikiza mpaka barazani. Shekhe hakumpa wasia wowote. Alimuuliza swali moja, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayetaka kujua hukumu iko wapi: ugonjwa wako ni wa kutarajiwa kupona, au si wa kutarajiwa kupona? Maana wa kwanza anafungua kisha atazilipa siku baadaye, na wa pili hana cha kulipa baadaye, anatoa fidia, kibaba cha chakula kwa kila siku, ampe maskini.

Baba akasema, “Hilo sijaambiwa.”

Kweli hakuwa ameambiwa. Bingwa aliniambia mimi na kaka yangu kwenye korido: bila dawa, nusu ya wagonjwa hawavuki miaka mitatu hadi mitano tangu ugonjwa ujulikane, dawa inapunguza mwendo, haiurudishi ugonjwa nyuma. Sisi tukampelekea Baba maneno laini. Dawa ya kusaidia. Dawa ya kutuliza. Wala hakuna aliyemdanganya. Tulizunguka tu, na lugha yetu ina vichochoro vingi vya kuzungukia. Swali la shekhe lilikuwa na majibu mawili tu. Usiku ule Baba aliniuliza, nikamjibu la pili.

Asubuhi yake alimtuma mtu sokoni akalete mchele. Akaupima mwenyewe kwa kibaba, siku baada ya siku za mwezi mzima, akaupeleka kwa mjane wa nyumba ya tatu. Kuanzia hapo vidonge vya mchana alivimeza chumbani, mlango umefungwa, kwa adabu ya waliofunga. Hakuruka tena hata dozi moja kwa hiari yake. Nimesoma makala nyingi kuhusu kuwafanya wagonjwa washike dawa, za ujumbe wa simu na visanduku vyenye siku za wiki. Baba alishika dawa alipojua bila kuficha kwamba haitamponya. Mpaka hapo alikuwa akiisubiri imponye, na kila wiki aliyoamka bado anatweta aliihesabu kama wiki ambayo dawa imeshindwa.

Kaka yangu, mhasibu, alibaki na shida hiyo hiyo ya kuhesabu. Kila kliniki Baba alipuliza kwenye mashine, muuguzi akimhimiza “puliza, puliza, usiache, puliza”, na kila mara namba ilikuwa chini kidogo ya ile ya nyuma. Kaka alitaka kujua fedha zinanunua nini kama namba zinashuka. Bingwa alichukua karatasi. Katika utafiti mmoja mkubwa wa nintedanib, INPULSIS-1, wasiopewa dawa walipoteza wastani wa takriban mililita 240 za ujazo wa mapafu kwa mwaka. Waliopewa, takriban 115. Katika ASCEND ya pirfenidone, walioshuka kwa asilimia kumi au zaidi ama kufa ndani ya mwaka walikuwa asilimia 16.5, na wa vidonge vitupu asilimia 31.8. Makundi yote yalishuka. Kilichonunuliwa ni tofauti kati ya mistari miwili, na mgonjwa mmoja anao mstari mmoja tu. Hatukuwa na Baba wa pili asiyemeza vidonge tukamlinganisha naye. Kaka aliikunja ile karatasi akaiweka kwenye pochi, akawa anaitoa kila mjomba mpya alipokuja na habari za mti fulani wa Handeni.

Mengine nitayapita haraka. Kuna siku zahanati ilimpa ciprofloxacin kwa ajili ya tumbo; dada yangu akampigia bingwa kabla hajameza, akaambiwa asubiri, kwa sababu inaweza kuipandisha pirfenidone kwenye damu na dozi ikabidi ipunguzwe. Vipimo vya ini vilikuwa kila mwezi kwa miezi sita ya mwanzo, kisha kila miezi mitatu, na ni nani anayekumbuka kupima ini la mtu anayeumwa mapafu? Ulikuja mtambo wa oksijeni, na pamoja nao LUKU. Unaponunua umeme wa kupumulia unaacha kuuita bili. Mtungi wa akiba ulisimama nyuma ya mlango kwa ajili ya siku umeme unapokatika. Mwishoni ilikuja morfini ya maji, kijiko kidogo, kwa ajili ya hofu ya kukosa pumzi. Shangazi alikataa katakata isiingie nyumbani, ndiyo ya kuulia watu. Uganda walishapita mjadala huo zamani: Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dk. Anne Merriman mwaka 1993, iliwazoesha watu morfini ya kunywa iliyochanganywa kwa bei ndogo, na wauguzi wetu wa tiba shufaa walikuwa wanajua wanachofanya. Baba alilala. Shangazi akanyamaza.

Wiki kadhaa kabla ya kufariki, Agosti 2019, Baba alisema vidonge tisa basi. Chakula kilikuwa hakipiti, na bila chakula dawa haipiti. Bingwa alimkubalia pale pale. Morfini na oksijeni zikaendelea.

Baada ya arobaini simu ya bingwa ikaita. Aliuliza, kwa kuomba radhi, kama kuna pakiti ambazo hazijafunguliwa. Zilikuwepo za miezi miwili, zilifika na begi la mwisho. Alikuwa na mgonjwa mpya, mwalimu mstaafu wa Mwanza, ambaye dawa yake ilikuwa bado njiani. Bingwa alizikagua akaridhika nazo, na mwalimu yule akanipigia mwenyewe kushukuru. Nilijiandaa kwa maswali ya bei na ya nani wa kumwamini Mumbai. Alianza na mengine.

“Samahani, mwanangu,” akasema, “mzee alikuwa anakula nini asubuhi?”

Nikamwambia asubiri kidogo, nikampa simu Mama.